Pumzi ya Mtoto Kwenye Kiti cha Meno

Katika zahanati na vituo vingi vya afya nchini Tanzania, kinachomtuliza mtoto anayeng'olewa jino ni mikono ya watu wazima. Mama anamkumbatia na kumbana miguu kwa mapaja yake, muuguzi anashika kichwa, ndugu mwingine anashika mikono, na tabibu wa meno anaingiza koleo harakaharaka huku kelele zikisikika hadi kwenye foleni nje. Jino linatoka. Ndani ya dakika chache kazi imekwisha, na kwenye daftari la wagonjwa inahesabiwa kuwa kazi nzuri. Lakini mtoto huyo akiumwa tena mwaka unaofuata, hasemi. Anakaa kimya na jino lake mpaka shavu livimbe, na safari hii anayeletwa ni mgonjwa wa jipu mwenye homa, ambaye ganzi haimshiki vizuri na ambaye hataki hata kufungua mdomo.

Mhadhara huu unahusu dawa za kumtuliza mtoto wakati wa matibabu ya meno katika kliniki za wagonjwa wa nje, yaani mahali anapofika asubuhi na kurudi kwao siku hiyohiyo. Swali lenyewe ni la Kyela na vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa: dawa hizo zitumike huku? Azitoe nani, na wapi? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba mtoto wa Kyela anastahili kutulizwa sawasawa na mtoto wa mjini, ila dawa isimtangulie mtu wa kuangalia pumzi. Mahali ambapo mtu huyo hayupo, zipo njia za kutibu jino zisizohitaji dawa ya kutuliza hata kidogo. Mojawapo ilianzia hapahapa Tanzania.

Wilaya ya Kyela imelala kwenye bonde la mpunga, kakao na michikichi, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya mto Songwe unaoitenga na Malawi na milima ya Livingstone inayoshuka wima hadi ziwani. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 221,490. Wanaougua huenda hospitali ya wilaya mjini Kyela, au hospitali ya Kilutheri ya Matema karibu na ufukwe, au hupanda mlima: kwanza hospitali ya Makandana mjini Tukuyu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema imewasogeza watu wengi karibu na huduma. Ikombe, kijiji maarufu kwa vyungu vya wanawake wa Kikisi, kipo mbele ya Matema, na wengi wa wanaotoka huko huja kwa mtumbwi. Mwendo huu wa barabarani na majini unaingia moja kwa moja katika uamuzi wa daktari, kama itakavyoonekana.

Kwanza, jino lenyewe. Wazazi wengi husema jino la utotoni si la kuhangaikia kwa sababu litang'oka lenyewe. Ni kweli kwa meno ya mbele, ambayo huanza kuachia kwenye umri wa miaka 6 au 7. Magego ya utotoni ni habari nyingine: huota mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi mitatu, na hukaa mpaka afike miaka 10, 11 au hata 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 4 lina miaka sita au saba ya kumtesa. Tena gamba la nje la jino la utotoni ni jembamba, hivyo tundu linafika kwenye neva mapema kuliko kwenye jino la mtu mzima. Sukari ndiyo inayolisha vijidudu vinavyolitoboa, na sukari siku hizi inafika kila kijiji: soda, biskuti, juisi za pakiti, chai yenye vijiko vinne. Watoto wa Kyela hufyonza pia ute mtamu wa kakao wakati wa mavuno. Kufyonza kakao kwa msimu mmoja siyo kosa la kumgombeza mtoto. Kinachoharibu meno zaidi ni kitu kitamu kinachorudiwa mara nyingi kwa siku, na hasa chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mdomoni.

Hapo ndipo mtoto anapofika kwenye kiti. Watu wengi wanazijua hali mbili tu za kuzuia maumivu: ganzi, ambayo hufisha mahali pamoja huku mgonjwa akiwa macho, na nusu kaputi, ambayo humlaza kabisa hadi asijue alipo. Kati ya hizo mbili pana mteremko. Juu yake mtoto ametulia tu, anaongea, anajibu, hofu imepungua. Akishuka kidogo anasinzia lakini akiitwa anaitika, au akiguswa begani anafumbua macho, na anapumua bila msaada. Akishuka zaidi haamki mpaka aumizwe, na koo lake linaweza kuanza kuziba. Chini kabisa ni nusu kaputi yenyewe. Madaktari wamezipa ngazi hizi majina manne na wanazitumia dunia nzima, lakini mwili wa mtoto hauna alama zinazoonyesha ngazi moja inaishia wapi. Dozi ileile inayomtuliza mtoto mmoja inaweza kumlaza mwenzake wa umri uleule. Kutokana na hilo ipo kanuni ambayo kila mtoa dawa lazima aishike: anayekusudia kumtuliza mtoto kwa kiasi fulani awe na uwezo wa kumwokoa mtoto aliyezama ngazi moja zaidi ya alivyokusudia.

Kuokoa maana yake ni kupumua kwa niaba yake. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, ulimi wake ni mkubwa kulingana na kinywa, na tonsili zake mara nyingi zimejaa. Mwili wake hutumia oksijeni kwa kasi, na akiba iliyomo mapafuni ni ndogo. Mtu mzima akiacha kupumua huchukua muda kidogo kabla oksijeni ya damu haijaporomoka. Kwa mtoto mdogo huporomoka mapema mno, na moyo wake hufuata kwa kwenda polepole. Sasa ongeza kazi ya meno. Damu, maji, pamba, kipande cha jino kilichovunjika, vyote vipo mlangoni pa njia ya hewa, na mkono wa daktari upo palepale pumzi inapopita. Anayepasuliwa mguu humwachia mtaalamu wa usingizi kichwa kizima akiangalie. Kwenye meno, wawili wanagombea nafasi ileile ndogo.

Inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya historia ya dawa za usingizi ilianzia kwenye meno. Mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells wa Hartford, Marekani, alivuta gesi ya nitrasi oksaidi na kumruhusu mwenzake amng'oe gego. Mwaka 1846 daktari mwingine wa meno, William Morton, alionyesha etha mbele ya madaktari wa upasuaji wa Boston. Maumivu ya jino ndiyo yaliyowasukuma. Hata hivyo watoto walisubiri sana. Mpaka miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, vichanga walifanyiwa upasuaji kwa dawa kidogo mno za kuzuia maumivu, kwa imani kwamba hawasikii kama watu wazima. Huku kwetu, utafiti uliochapishwa na madaktari wa meno wa Tanzania katika miaka ya 1990 ulieleza jinsi waganga wa jadi wanavyochokoa vichipukizi vya meno ya watoto wachanga wenye homa au kuharisha, yale yanayoitwa meno ya nailoni au meno ya plastiki, bila ganzi yoyote. Imani kwamba maumivu ya mtoto ni kelele tu zitakazopita imevuka mipaka ya nchi, na kumshika mtoto kwa nguvu juu ya kiti kunatokana nayo.

Dawa zinazotajwa zaidi kwa ajili ya meno ya watoto ni tatu, na haziko sawa hata kidogo.

Ya kwanza ni gesi ileile ya Wells, siku hizi ikichanganywa na oksijeni nyingi na kuvutwa kupitia kifuniko kidogo cha pua. Inaanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na ikifungwa, mtoto anarudi katika hali yake kwa dakika chache vilevile, akimaliziwa na oksijeni tupu. Mtoto haendi mbali kwenye ule mteremko, na ndiyo sababu nchi nyingi zinaiona kuwa njia salama kuliko zote kwa kliniki ya nje. Ina masharti yake. Mtoto lazima akubali kupumua kwa pua, kwa hiyo mwenye mafua haimfai, na wa miaka 2 anayelia kwa mdomo wazi haimfikii. Inahitaji mitungi miwili ya gesi, mashine isiyoruhusu oksijeni kushuka chini ya kiwango, na njia ya kutoa gesi chumbani ili wahudumu wasiivute mwaka mzima. Katika hospitali ya wilaya yenye mtungi mmoja wa oksijeni unaogombewa na wodi ya watoto wenye nimonia, haki ya mtungi huo ni ya wodi.

Ya pili ni midazolamu, dawa ya familia moja na Valiamu. Mtoto huinywa ikiwa imechanganywa na kitu kitamu kwa sababu ni chungu, na baada ya kati ya dakika 15 na 30 analegea. Faida yake kubwa ni kwamba mara nyingi hasahau tu hofu, husahau na tukio zima. Baadhi ya watoto, badala ya kutulia, hukasirika na kulia mfululizo, na mzazi anapaswa kuambiwa mapema kwamba hilo linaweza kutokea. Ipo dawa ya kuipinga, flumazenili, lakini nguvu yake huisha mapema, na mtoto aliyeamshwa nayo anaweza kuzama tena wakati mama ameshamfunga mgongoni tayari kwa safari.

Ya tatu ni ketamini, na juu yake mhadhara huu una haja ya kusema zaidi, kwa kuwa ndiyo dawa ya usingizi inayojulikana kuliko zote katika hospitali za wilaya za Afrika Mashariki. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985. Sifa yake ni kwamba humlaza mtu na kumwondolea maumivu huku akiendelea kupumua mwenyewe, na shinikizo la damu halianguki. Wanawake wengi wamejifungua kwa upasuaji kwa msaada wake mahali pasipo na mashine ya kupumulia. Mwaka 2015 China ilipotaka dawa hiyo iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa wa dawa za kulevya, Shirika la Afya Duniani lilipinga, likieleza kuwa hospitali za nchi maskini zingebaki bila dawa ya usingizi. Lilikuwa sahihi kabisa. Lakini sifa hiyo hiyo imezaa ujasiri usiofaa. Ketamini huzidisha mate, na mate yakishuka kooni, au damu ya jino, nyuzi za sauti zinaweza kubana ghafla na kufunga hewa. Hilo ni tukio linalohitaji mtu mwenye barakoa ya oksijeni mkononi wakati uleule, siyo mtu wa kuitwa kutoka jengo la pili. Ketamini kwa ajili ya meno ya mtoto itolewe kwenye chumba cha upasuaji, na mtaalamu wa usingizi awe kichwani pa mtoto. Kwenye chumba cha meno cha kawaida isiingie.

Tahadhari hii imelipiwa kwa maisha ya watoto. Mwongozo wa kwanza wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kuhusu kutuliza watoto ulitolewa mwaka 1985 baada ya watoto watatu kufariki katika kliniki moja ya meno. Miaka 15 baadaye, mwaka 2000, Charles Coté na wenzake walichapisha uchambuzi wa matukio mabaya 95 yaliyowapata watoto walipotulizwa kwa matibabu mbalimbali: 51 walifariki na 9 walibaki na ulemavu wa kudumu wa ubongo. Walipochunguza mahali, waligundua kwamba madhara yakitokea nje ya hospitali, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliishia kufariki au kupata ulemavu huo, ilhali ndani ya hospitali walikuwa chini ya 4 kati ya 10. Tofauti ilitokana na uokoaji: kuona mapema kwamba pumzi imesimama, na kuwa na mikono na vifaa vya kuirudisha. Kuchanganya dawa mbili, tatu au zaidi kulijitokeza tena na tena, na tiba ya meno ilikuwa na sehemu kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Uingereza nayo, baada ya vifo kadhaa, iliamua kwamba kuanzia mwisho wa 2001 nusu kaputi kwa ajili ya meno itolewe hospitalini tu, mahali penye huduma ya wagonjwa mahututi. Ikiwa nchi yenye gari la wagonjwa linalofika ndani ya dakika chache imeona haja hiyo, wilaya ambayo rufaa yake hupita Tukuyu na kuuvuka mlima haina sababu ya kuwa jasiri zaidi.

Turudi Kyela, kwa kuwa ugumu wa hapa una sura yake.

Malaria ni ugonjwa wa mwaka mzima kwenye bonde hili. Mtoto aliyeletwa kwa ajili ya jino anaweza kuwa na homa isiyotokana na jino, au damu iliyopungua baada ya malaria ya mwezi uliopita, na mwenye damu pungufu hana akiba ya kuvumilia hata dakika moja ya pumzi hafifu. Kipimo cha malaria na cha wingi wa damu ni vya bei ndogo na vinapatikana. Vifanyike kabla ya dawa yoyote ya kutuliza. Mwenye mafua au kikohozi apangiwe siku nyingine. Anayekoroma kila usiku, mwenye tonsili kubwa, mwenye seli mundu au ugonjwa wa moyo, huyo ni wa hospitali ya rufaa tangu mwanzo.

Kuna suala la tumbo. Kanuni inayotumika mahali pengi ni saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama na saa 2 bila maji. Kwa familia iliyoondoka vijijini Ngonga au Mwaya alfajiri, bibi huwa ameshampa mjukuu uji njiani kwa huruma. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Maji na chai ya rangi ndivyo vinavyohesabika kama maji. Maelekezo haya yatolewe siku ya miadi, kwa mdomo, kwa Kiswahili rahisi na kwa Kinyakyusa inapobidi, na yarudiwe kwa simu jioni ya kuamkia siku hiyo. Mzazi asiulizwe kama anayeshtakiwa. Swali zuri ni hili: "Mama, mwanetu amekula nini cha mwisho, na saa ngapi?" Akijibu kweli kwamba mtoto amekula, ashukuriwe na apangiwe saa nyingine, maana akikemewa leo, siku nyingine atasema mtoto hajala.

Uzito upimwe kwenye mizani siku hiyohiyo, usikisiwe kwa macho wala usinakiliwe kutoka kadi ya kliniki ya miezi minane iliyopita. Hata ganzi ya kawaida ina kikomo ambacho wengi hukipita bila kujua. Kwa ganzi ya lignokeini, kikomo kinachotumika kwa watoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 asipite miligramu 66, na katriji moja ya asilimia 2 ina miligramu 36, maana yake katriji mbili kamili zimeshazidi. Ganzi iliyozidi huleta degedege na kusimamisha pumzi, na ikikutana na dawa ya kutuliza hatari inaongezeka. Daktari anayetaka kumaliza pande zote nne za kinywa kwa siku moja chini ya ganzi anapiga hesabu mbaya.

Halafu lipo jambo la dawa za dukani. Kuna wazazi wanaompa mtoto Piritoni au dawa nyingine ya mafua inayosinzisha ili afike hospitali akiwa mpole. Nia ni njema, lakini dawa ya kusinzisha inayotolewa nyumbani au njiani inamkuta mtoto pasipo na mtu wa kumwangalia, tena inajumlishwa na ile atakayopewa kliniki. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wanapaswa kuwa sehemu ya elimu hii, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa kwanza.

Safari ya kurudi nyumbani ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Mtoto aliyelegea, akiketishwa katikati ya mama na dereva wa bodaboda, au akifungwa mgongoni kwa kanga, kichwa chake kinaangukia mbele, kidevu kinagusa kifua na koo linajikunja. Mama anadhani amelala. Kwa hiyo asiruhusiwe kuondoka mpaka awe macho bila kuamshwa, anakaa bila kushikiliwa, anaongea kama alipokuja, na amekunywa kitu bila kutapika. Waondoke watu wazima wawili, mmoja kazi yake iwe kumtazama tu. Na kwa mtoto wa Ikombe, ambaye mbele yake kuna mtumbwi na pengine ziwa limechafuka, huduma ya nje igeuzwe kuwa ya kulala: kitanda kimoja wodini Matema, usiku mmoja, kisha safari asubuhi. Gharama ya kitanda hicho ni ndogo, na haitakiwi kumwangukia mzazi.

Baada ya kusema yote hayo, ni watoto wangapi wa Kyela wanaohitaji dawa ya kutuliza? Wachache kuliko inavyodhaniwa, endapo yatafanyika mambo ambayo hayahitaji mtungi wala chumba cha upasuaji. Hapa ndipo Tanzania ina cha kujivunia.

Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken, alikuwa akifanya kazi katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shule changa wakati huo. Tatizo lilikuwa vijiji visivyo na umeme wala maji ya bomba: mashine za kuchonga meno zilizobebwa na gari hazikufaa kwa mazingira hayo, na kilichobaki ni koleo. Yeye na wenzake walijaribu njia nyepesi. Walikwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, vyenye ncha mfano wa kijiko kidogo, wakaacha sehemu ngumu ya jino ilivyo, kisha wakaziba tundu kwa saruji inayoshika jinoni yenyewe. Sehemu laini iliyooza haina hisia kali, kwa hiyo mara nyingi ganzi haikuhitajika. Mlio wa mashine haukuwepo, sindano haikuwepo, na mtoto alibaki ameketi. Njia hiyo ilifanyiwa majaribio makubwa Thailand kuanzia 1991 na baadaye Zimbabwe, kwa saruji bora zaidi ya glasi-ayonoma, na Shirika la Afya Duniani liliipigia debe Siku ya Afya Duniani ya Aprili 7, 1994, ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa. Leo inafundishwa katika mabara yote. Ilizaliwa kwa ajili ya mahali kama Mwaya, na ni jambo la kusikitisha kwamba bado ziko zahanati ambazo jibu pekee kwa tundu dogo la gego ni kulingoja lifike hatua ya kung'olewa.

Pamoja nayo ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo Japani imeitumia kwa miongo mingi. Inapakwa kwenye tundu kwa brashi ndogo, kazi ya dakika moja au mbili, na katika meno mengi uozo husimama. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza inageuka nyeusi moja kwa moja, na mzazi lazima aone picha na akubali kabla haijapakwa. Mwaka 2021 dawa hiyo, saruji ya glasi-ayonoma na dawa ya meno yenye floridi viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya dunia. Hoja ya kwamba ni anasa imekwisha.

Na kuna lugha. Tangu 1959, daktari wa meno Addelston alipoieleza njia ya kumweleza mtoto, kumwonyesha, ndipo kutenda, hakuna kilichoishinda kwa urahisi. Mtoto anayesalimiwa kwanza, akajibiwa "Marahaba, mwanangu," akapewa kioo kidogo akishike mwenyewe na kuambiwa leo tunahesabu meno tu, mara nyingi ataketi siku ya pili bila kushikwa. Tabibu mwenye wagonjwa 30 nje atasema hana muda. Ni kweli muda ni mfupi, lakini mtoto anayepigana hutumia muda mwingi zaidi, tena wa watu wanne.

Wanaobaki ni wale ambao maneno hayawafikii na vifaa vya mkono havitoshi: mtoto mdogo mwenye magego manane mabovu, mwenye usonji au mtindio wa ubongo, mwenye jipu linalohitaji upasuaji. Hao wasitulizwe mara nne kwa magego manane. Wapelekwe Mbeya, walazwe usingizi kamili mara moja, meno yote yatibiwe siku hiyo. Katikati, kati ya kundi hili na lile kubwa la kwanza, wapo watoto wa midazolamu: wenye afya njema, wenye hofu, wenye jino moja au mawili ya kung'oa. Kwa hao, hospitali ya wilaya au ya Matema inaweza kufanya kazi salama kwa masharti machache yasiyojadiliwa. Dawa iwe moja. Itolewe hospitalini, karibu na chumba cha upasuaji. Anayeng'oa asiwe yeye anayeangalia pumzi. Muuguzi wa usingizi awepo chumbani, bila kazi nyingine, kuanzia dawa inapotolewa hadi mtoto anapoamka. Oksimita, yaani kipimo cha oksijeni ya damu, ibanwe kidoleni muda wote. Tangu shirika la Lifebox lilipoanzishwa mwaka 2011 vipimo imara vya aina hiyo vimefika hospitali nyingi za Afrika, na visikae kabatini. Mashine ya kufyonza, oksijeni, mfuko wa kupumulia wenye barakoa ya saizi ya mtoto, vyote vijaribiwe asubuhi hiyo, na umeme wa akiba ujulikane uko wapi kwa sababu mashine ya kuzalisha oksijeni haifanyi kazi taa zikizimika.

Siku moja kwa wiki inatosha kuanzia, watoto wawili au watatu, asubuhi, ili wote wawe wameamka kabla ya magari ya jioni. Kila mtoto aandikwe katika rejista ya peke yake: uzito, kijiji, jino, dawa na dozi, oksijeni ya chini kabisa iliyoonekana, saa ya kuondoka na chombo alichopanda. Waliorudishwa bila kutulizwa waandikwe pia, na sababu. Mganga mkuu wa wilaya akiisoma rejista hiyo kila robo mwaka, ataona ni vijiji gani vinaleta watoto wakiwa tayari na majipu, na ziara ya tabibu wa meno yenye saruji, vifaa vya mkono na brashi zake ianzie huko.